Bibi Alinijibu Kama Mgeni

Mpendwa Bi Rukaiya, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kukabidhi utafiti wangu chuoni na sijui kama ninachokabidhi ni kitu au ni upepo.

Kwetu ni Namswea, nasomea urithi wa utamaduni, na nilichagua kuandika juu ya ngoro, yale mashimo ya mraba tunayolimia milimani, kwa sababu nimekulia humo na nilitaka kujua wazee wetu wanayaelezaje wao wenyewe, siyo wataalamu. Basi nikarudi nyumbani na maswali niliyoyapanga vizuri kwa Kiswahili, nikamkalisha bibi yangu Winifrida kwenye kiti, nikawasha simu kurekodi, naye akajibu bila kusita kwamba ngoro huzuia mmomonyoko wa udongo na kuhifadhi unyevu, na Mzee Mansuetus jirani yetu akasema hivyohivyo, na wengine hivyohivyo, na msimamizi wangu alipoyasoma akafurahi, akasema vyanzo vyangu vinathibitishana.

Moyoni kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza, mpaka Jumamosi nilipokwenda shambani kusaidia kufukia majani ambayo wanaume walikuwa wameyafyeka na kuyapanga miraba; udongo wa kuyafukia huchimbwa katikati ya kila mraba, majani yakawa matuta na katikati pakabaki shimo. Nilikuwa mteremko wa chini, bibi na shangazi Ephrasia hawakuniona, wakawa wanaongea Kimatengo chao. Shangazi akacheka: "Mama, yale maneno ya wataalamu bado unayo yote kichwani!" Bibi akamjibu: "Nitayasahauje, na wao ndio walionifundisha, enzi zile walipokuja na kamba za kupimia? Huyu mjukuu wangu naye kaja na simu na Kiswahili cha ofisini, nikaona nimpe yaleyale, asije akafeli bure."

Nilitaka kulia nikajikuta nacheka, wakaniona, tukacheka wote watatu hadi bibi akakaa chini. Kisha, huku akivuta udongo kwa jembe, akaanza kusimulia nisilomuuliza: kwamba mwaka alioolewa, mama mkwe wake alikagua matuta ya bibi kutwa nzima bila kutamka neno, ndipo jioni akamkabidhi jembe lake mwenyewe, na kwamba babu akinuna alikuwa anapanga majani kombo, na kwa kuwa mke hufukia palepale alipopanga mume, mashimo yalitoka yamepinda na mlima mzima ukajua nyumba ile hawasemezani. Sikurekodi hata neno.

Bi Rukaiya, nimepumua kujua kwamba bibi hakunificha kwa ubaya. Lakini je, nikabidhi kazi kama ilivyo nipate digrii yangu, au nimwambie msimamizi kwamba vyanzo vyangu vyote ni mwangwi wa watafiti waliotangulia, labda nirudie mwaka? Na linaloniuma zaidi: nimekuwaje mgeni kwa bibi aliyenilea?

Mjukuu wa Namswea

*

Marahaba, binti yangu. Kwanza shusha mabega. Hakuna aliyedanganywa hapo. Bibi yako alikupa heshima anayompa kila anayefika na maswali: humpa alichokijia. Ulimkalisha kitini kama shahidi mahakamani, ukamsemesha kwa lugha anayotumia na afisa kilimo, halafu unashangaa kujibiwa kama afisa kilimo? Hapo nakugombeza, na sirudii.

Watu watano wakikueleza jambo kwa maneno yaleyale, usihesabu mashahidi watano. Hesabu mmoja, kisha uliza yuko wapi. Mimi nimekulia dukani Mbamba Bay, kando ya ziwa. Wateja wakija wote na habari moja, marehemu baba aliuliza ni boti gani imetia nanga asubuhi.

Lakini rekodi zako usizitupe! Zinasema kweli juu ya udongo, tena zinasema kweli juu ya miaka ambayo wakulima walifundishwa namna ya kulieleza shamba lao wenyewe. Hiyo ni sura nzima ya utafiti, na wewe ndiye uliyeisikia.

Kesho asubuhi mpigie msimamizi wako, usimtumie ujumbe. Mweleze yote, pamoja na kicheko, umwombe wiki chache. Akinuna, atanuna siku mbili. Kisha rudi Namswea, na kabla hujaandika lolote juu ya mama mkwe yule mwombe bibi ruhusa, maana hayo hakumwambia mtafiti. Akikubali, andika kasema nani, kwa lugha gani, mikono yake ikifanya nini. Akikataa, yabaki yako. Na Mzee Mansuetus umfuate akiwa anafyeka, umuulize upande wa wanaume. Juu ya kununa kwa babu usimwamini bibi peke yake.

Ama hilo la kuwa mgeni, soma tena barua yako. Wale waliokuja na kamba, bibi aliwajibu wakaenda zao, wala hakujali kama watafaulu. Wewe alihofia usije ukafeli. Nenda kafukie majani.