Mchoro Uliopotea Dirishani

Lurambi, Kakamega
9 Mei

Kwa dada yangu Navalayo,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Nakuru, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mama bado yuko Shinyalu. Goti linamsumbua asubuhi, lakini ukimkataza kushika jembe anakwambia hapo alilimanga kabla hujazaliwa.

Dada, nimerudia kuchora kwa rangi za maji. Jioni nikitoka kazini huketi kwenye veranda ya duka la vitambaa, mkabala na stendi ya bodaboda, nikichora mji usiku. Mvua ikishanyesha lami hung'aa, na taa za pikipiki humwagika humo nyekundu na manjano. Bado nafuata ulivyonifundisha: usiku haupakwi rangi nyeusi, tunachanganya buluu na kahawia, na penye taa tunaacha karatasi nyeupe. Unakumbuka tulivyogombania kikombe kimoja cha maji, Baba akilalamika kwamba chai yake ina ladha ya brashi?

Mwezi huu michoro yangu saba imetundikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu Andati, aliyekufundisha sanaa, alikuja. Aliitazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa nini uliacha kuchora, maana wewe ndiwe uliyekuwa na kipaji. Ndiyo sababu nakuandikia.

Ukiwa kidato cha tatu ulichora njia panda ya mjini usiku, ili uupeleke mchoro huo kwenye mashindano. Asubuhi iliyofuata mchoro haukuonekana. Uliamini upepo uliupeperusha mvuani kwa kuwa ulisahau kufunga dirisha. Si kweli, dada. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amekusifu mezani, nami nikataka mkono wangu uwemo. Mlipolala nikaongeza taa moja ya pikipiki. Rangi ikasambaa. Nikasugua, karatasi ikachanika, nikaichoma kwenye jiko. Kisha nikafungua dirisha.

Nilikutazama ukilia, nikanyamaza. Ulisema mtu asiyeweza kutunza mchoro mmoja hana haja ya kuchora, ukagawa brashi zako zote. Hata mimi ulinipa moja, nikaipokea.

Nikasirikie upendavyo, ni haki yako. Ila usiendelee kuamini kwamba ulikuwa mzembe. Dirisha ulilifunga.

Nisalimie shemeji na watoto. Sitakupigia simu, nitangoja mpaka utakapotaka kuisikia sauti yangu.

Mdogo wako,
Muhonja