Mshipi wa Nailoni Hausokotwi Pajani

Malindi

Kwa Baba yangu, Mzee Hamad, Tumbe

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mie mzima, nala na nalala, na kazi ya kuwatoa Wazungu kuvua ingali inanipa riziki. Nataka khabari zenu, na zaidi za huo mkono uliochomwa na mwiba wa samaki taa. Vidole viwili bado havikunjiki?

Barua yako ilinikasirisha, Baba. Unasema mashine ya mshipi niliyokupelekea pamoja na ufito wake ina shetani, mshipi unajiviringa wote, na wewe umechoka na bahari, unahamia Wawi kwa dada Asha ukachume karafuu. Wewe uchume karafuu! Mtu ambaye hata paa lake likivuja humwita jirani apande.

Lakini nilipofika pale uliposema umeuweka mshipi pajani ukausokota ili ukaze, nilicheka peke yangu. Nilikuona umekaa uani kama zamani, kikoi umekipandisha, uzi wa pamba unaviringika chini ya kiganja, na mie nimeshika ncha narudi nyuma mpaka kisimani, na Mama anagomba kuwa tumemzibia njia ya jikoni. Kisha tunautia kwenye maji ya magome ya mkoko usioze, mikono inakuwa myekundu siku nyingi. Wallahi naikumbuka ile harufu.

Basi ule ulikuwa uzi wa pamba, na pamba ukiisokota inapata nguvu. Nailoni haitaki. Kila ukiisokota inajikunja na kupiga mafundo.

Fanya hivi. Toka na Mjomba Khamis kwa ngarawa. Kata ndoana na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, mshipi ubaki mtupu, uachie wote nyuma huku yeye anapiga kafi taratibu. Maji yatausokotoa yenyewe. Kisha Mjomba aweke kafi, aubane mshipi kwa kitambaa, na wewe uzungushe mashine polepole, mshipi uingie umekaza.

Na najua mshipi ulivyosokoteka. Samaki akivuta, mashine ikalia, wewe huachi kuzungusha. Ndivyo ulivyotufundisha kwa mshipi wa mkono, samaki asipewe nafasi hata kidogo. Kwenye mashine ni kinyume: ikilia, mkono utulie, kwa sababu ukizungusha wakati mshipi unatoka, unausokota mwenyewe. Samaki akichoka, inua ufito, kisha ushushe huku unazungusha. Nimekushonea kwenye karatasi hii kijipete cha chuma kinachozunguka. Kifunge kabla ya ndoana, ili chambo kikipinduka mshipi usipinduke nacho.

Huku Wazungu wanavua, wanapigwa picha na samaki, wanamwacha. Mie napewa nguru mzima, nampika, nakula peke yangu chumbani. Kichwa nakimaliza na hakuna wa kunigombeza kuwa sikubakisha. Nimechoka na kula hivyo.

Nisalimie Mjomba Khamis, na umwambie biashara yake ya samaki isubiri kidogo akusaidie. Nisalimie dada Asha na shemeji, lakini wasikutayarishie chumba kwanza.

Baba, jaribu kabla hujafunga mizigo. Kila asubuhi tukitoka mlangoni mwa bahari, naangalia kusini nasema moyoni, Baba naye saa hizi yumo majini. Basi hapo ndipo napata nguvu ya kufanya kazi. Ukiwa Wawi, niangalie wapi?

Mwanao akupendaye,
Faki