Kuku wa Shemasi Tisdale

Alhamisi, 4 Oktoba 1951

Leo saluni kwa Ernestine, kichwa kimejaa mafuta, chanuo la moto la kunyoosha nywele liko karibu na sikio — akaweka santuri mpya. "Sikilizeni hii, dada zangu, mtakufa!" Sauti ya mwanamume, kavu, taratibu, kama katibu anayesoma taarifa ya kikao. Anamwimba shemasi anayeombea chakula mpaka kuku anapoa, anaota manyoya, anashuka mezani na kurudi bandani. Saluni nzima ikapasuka kwa kicheko. Mimi nikaganda.

Maneno yangu! Neno kwa neno! Niliyasema jikoni kwangu majira ya joto, Shemasi Tisdale alipoondoka baada ya chakula cha Jumapili. Aliyenisikia ni mpangaji wangu tu, Wendell Oakes, mpiga piano wa klabu ya Mtaa wa 47. Na sauti ile — ni yake!

Ee Bwana. Mimi, mkuu wa wahudumu wa mlangoni kanisani, glavu nyeupe kila Jumapili — nimo kwenye santuri.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimemvaa Wendell kabla hajameza kifungua kinywa. Umeiba kinywa changu! Hata hakuona haya. "Mama Pettway, mimi nimetia piano tu. Kwako nashiba mara mbili — kuku wako, halafu maneno yako." Nikajiuma mdomo nisicheke. Kisha akaniacha nimeduwaa: santuri inatolewa upya, anataka jina langu liandikwe kando ya lake. Oakes na Pettway. "Mtunzi ni mtunzi, mama."

Jina la marehemu mume wangu kwenye muziki wa vilabu! Nimemwambia akinitaja popote, atalala nje.

Jumapili, 7 Oktoba

Shemasi alisimama wakati wa matangazo. Hakutaja mtu. Eti ipo nyumba ya muumini inayomfuga mdhihaki wa watumishi wa Mungu. Macho yote yakanigeukia mlangoni. Ndipo mtu fulani kwenye kwaya akalia kama kuku! Kwa sauti ya chini sana. Nikajifunika uso kwa feni ya karatasi. Watu walidhani nalia.

Nilikuwa nacheka. Kanisani!

Jumanne, 9 Oktoba

Wendell alipotoka nimeingia chumbani kwake, nikashusha pazia, nikaweka ile santuri. Mara ya kwanza nilisikiliza nikitafuta dhambi. Mara ya pili nikasikiliza tu. Ai, bwana yule! Lile neno "manyoya" haliji unapolingoja. Anachelewa nyuma ya mdundo, anakuacha umening'inia, ndipo analidondosha — na unaona kabisa kwamba hatabasamu. Mimi nililisema harakaharaka nikiosha sahani. Yeye amelichelewesha kama Shemasi mwenyewe anavyoichelewesha amina. Sikujua kichekesho kinashonwa, kina pindo kama gauni. Nikairudia tena na tena. Mkate wa mahindi umeungua.

Jumamosi, 13 Oktoba

Naandika jikoni, kahawa haijachemka. Sebuleni wapo Mchungaji Loftis, Shemasi na Wendell. Wamenipa kuchagua: Wendell ahame leo, ama nivue glavu za uhudumu. Wendell akasema basi, anakwenda kufunga sanduku. Hakunitaja. Wala mimi sikujitaja.

Shemasi akataka kwanza Mchungaji ausikie huo uchafu. Akasimama, akashika koti, akaukariri — wimbo mzima, lo! Na vibaya! "Kuku anarudi bandani," akasema, "kisha eti anaota manyoya."

"Hapana, Shemasi!" Mdomo huu! "Manyoya kwanza. Atarudije bandani uchi?"

Mchungaji akaingiza uso kwenye leso, mabega yanatikisika. Shemasi akanitazama kama vile kuku ndiye mimi.

"Dada Pettway. Wewe umeujulia wapi?"

Nikasema kahawa! Nikakimbia.

Sasa namsikia Wendell kupitia mlangoni. Eti yeye ndiye aliyekuwa akiuimba humu mchana kutwa mpaka ukamnasa mama wa watu bila kupenda. Eti kila neno limetoka kichwani mwake. Anasema uongo kwa ajili yangu, chini ya picha ya Yesu, mbele ya mchungaji! Ningepaswa kupiga magoti nishukuru.

Shemasi anajibu: "Nilijua tu. Mwanamke mcha Mungu hana akili ya kutunga kitu kama kile."

Hana akili!

Na Mchungaji naye anaitikia, kweli, kweli. Bwana unisamehe — kinachonichoma si ule uongo. Ni kwamba wameuamini. Hata hawakusita.

Kahawa inafurika jikoni. Na ifurike. Naenda kuwaambia maneno ni ya nani, sinia nitaliacha hapa hapa —