Mwanambuzi Aliyengoja Wenzake

Mjukuu wangu Namsifu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mhezi ukungu umeshuka mpaka mlangoni na tangawizi imeshika vizuri. Babu yako anakohoa kidogo, lakini utani wake uko palepale.

Umeniuliza utailaje Krismasi peke yako, maana mwaka huu kazi haikuruhusu kupanda huku nyumbani.

Nilipokuwa darasa la nne, mbuzi wetu alikufa akaacha mtoto aliyekuwa ameanza kula majani. Nikamlaza jikoni penye joto, nikamletea majani laini ya viazi. Hakuyagusa. Mama akasema, "Huyu hafiki mwaka mpya." Nililia sana.

Asubuhi ya Krismasi jiko lilitakiwa kwa pilau, nikamhamishia zizini. Kwetu siku hiyo mifugo hula sikukuu kabla ya watu: hupewa magadi walambe. Ng'ombe alikuwa akilamba, na kondoo wetu mzee kando yake akitafuna majani. Mwanambuzi akapenya katikati yao, akalamba, kisha akavuta jani mdomoni mwa kondoo.

"Mama, anakula!"

Mama akacheka. "Kumbe alikuwa anangoja wenzake! Na wewe umemfungia na mafiga!"

Mpaka leo, nikiwapa mifugo magadi, namkumbuka.

Uliandika kwamba jirani yako wa chumba cha pili naye haendi kwao. Zidisha kikombe kimoja cha mchele, mjukuu wangu, umgongee mlango pilau ikiwa bado ya moto.

Bibi yako anayekupenda