Meno Kwenye Kitalu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi
Kitalu cha nne leo. Visiki mia mbili na kumi na vinne, nimevipitia vyote kimoja kimoja na mgongo unanidai. Lakini wakataji safari hii wamefanya kazi — wamekata chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, tena kwa mshazari, maji ya mvua yasituame juu na kuozesha kisiki. Machipukizi yamefika magotini. Nimefurahi kama mjinga. Nikakaa juu ya jiwe kulitazama ziwa kule chini. Maji safi. Kabla hatujapanda, mteremko huu ulikuwa kipara, na kila ikinyesha ziwa linageuka chai ya maziwa. Sasa tunakata kitalu kimoja kwa mwaka, vinane kwa zamu, na kilichokatwa tunakizungushia ua wa matawi mpaka machipukizi yapite urefu wa mdomo wa mbuzi. Kazi yangu ya ukaguzi ni kuhesabu, kuandika, na kugombana na watu. Hiyo ya tatu sihitaji kusaidiwa.
Bwana misitu atakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Machi
Visiki thelathini na saba vimetafunwa, upande wa chini wote. Si panga. Meno! Na ua una mwanya wa kupitisha mtu na mzigo kichwani. Nilivipita juu juu Jumatatu, au vimetafunwa jana tu? Sijui. Nimejikasirikia.
Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya msitu. Hakuuliza hata swali. Ni Filimbi huyo, akasema. Filimbi ni mchungaji wa ng'ambo ya kijito, hana shamba, ana mbuzi kumi na wawili na ule mluzi wake. Na kanuni yetu inajulikana: mifugo ikiingia kitalu kichanga, mwenyewe hakanyagi msituni miaka mitatu. Hakuna kuni, nguzo wala malisho. Sisi wenye mashamba tungenung'unika tu. Yeye itabidi ahame.
Mwenyekiti akataka niandike jina. Nikamwambia mimi nimeona meno, mbuzi sijaona. Kasema mimi mbishi. Kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaona.
Nilijibanza nyuma ya jiwe tangu asubuhi. Saa nne wakaja, majike mawili na beberu, wanaingia kama wenye nyumba. Jike moja lina pembe moja. Ile nyingine ilivunjikia kwenye mlango wa jiko langu.
Mbuzi wa mama mkwe.
Na mwanya naujua. Mwezi wa kwanza magoti yalipomzidi mama, nilivuta mzigo mmoja wa matawi pale pale kwenye ua, nikampelekea kuni. Nikasema kesho nitaziba. Sikuziba. Naye akajua kuni za karibu ziko wapi, akawa anachukua kidogo kidogo. Mimi! Ninayewafokea wenzangu kwa kijiti kimoja. Aibu hii sina pa kuiweka.

Jumapili, 9 Machi
Nimeziba kwa miiba, mikono yote michubuko. Kisha nikamwendea mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakukana. "Si wewe uliyenionyesha, Mama Pacha?" Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.
Akauliza kama visiki vitakufa. Nikamwambia vikitafunwa mara moja huchipua tena, mara ya pili sina hakika. Akaacha kuchambua, ungo mapajani.
Mume wangu alisikia yote. Tulipokuwa shambani akanishauri niandike "mbuzi wasiojulikana". Mama ana miaka sabini, nisimwanike mbele za watu. Nikamuuliza, na Filimbi je? Akaendelea kulima.

Jumanne, 11 Machi
Mvua kubwa tangu alfajiri. Nimekwenda hivyo hivyo, nimelowa chapachapa. Upande wa juu maji yanashuka meupe. Chini, pale palipotafunwa, mfereji mwekundu mpaka kijitoni, na kijito mpaka ziwani. Thelathini na saba tu.
Filimbi nilimkuta kwenye kivuko. Amekwisha kusikia anatajwa. Hakulalamika. Aliniuliza kama namfahamu mtu yeyote upande wa pili wa mlima mwenye malisho ya kukodisha. Nikasema nitauliza. Nitauliza! Neno lilikuwa mdomoni nikalimeza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi
Saa tano. Bwana misitu yuko sebuleni. Ameshazunguka kitalu, ameiona miiba mibichi, sasa anataka daftari. Mwenyekiti yupo. Filimbi ameitwa naye, amesimama mlangoni, kiti amekataa.
Nimesema naenda chumbani kulileta. Ninalo hapa mapajani, chini ya hili ninaloandika. Visiki 37. Mbuzi watatu. Mwanya, upande wa chini. Nafasi ya aliyefungua ua, tupu. Nafasi ya mwenye mbuzi, tupu.
Ukuta mwembamba, nasikia yote. Mama anawamiminia chai. Mwenyekiti anasema mambo yako wazi, mkaguzi atathibitisha tu. Bwana misitu kauliza huyo mkaguzi ni mtu wa namna gani. Kikombe kikagonga kisahani.
Kisha mama. Huyo ni mkwe wangu, amesema. Hata mimi hanipendelei. Mngojeni, atakachosoma ndicho.
Mume wangu amekohoa.
Aliyefungua ua: nimeandika jina langu. Herufi kubwa, zisomeke. Imebaki nafasi moja.
"Mama Pacha, njoo mwanangu, wageni wanangoja."
Sauti yake haitetemeki hata kidogo. Nafasi iliyobaki nimeijaza kwa jina lake, sasa naenda.