Nilibadilisha Chaguo la Chuo la Binti Yangu, Naye Anadhani Amefeli

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada, na kwanza uniwie radhi kwa mwandiko huu mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, macho yangu siku hizi yananisumbua na nikiandika herufi ndogo mwenyewe sizioni, lakini barua hii siwezi kumpa mtu aniandikie, maana anayeniandikia mambo yangu yote ni binti yangu, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mimi ni fundi wa mizani, huu ni mwaka wa thelathini na moja, natengeneza mizani za mabucha, za maghala ya nafaka, za hospitali wanazopimia watoto wachanga, na mtaani kwetu mtu akihisi anapunjwa dukani huja kuniuliza mimi, kwa hiyo naheshimiwa na pia naogopwa kidogo, na mke wangu hunitania kwamba hata chumvi ya mchuzi naitazama kwa jicho la kesi. Mtoto tunaye mmoja tu, huyu binti, na kompyuta ameipenda tangu meno ya mbele hayajaota upya. Mwalimu wake wa hesabu alimpa laptopu kuukuu iliyopasuka kioo pembeni, akajifundisha mwenyewe kuandika programu, na mwaka jana akanitengenezea moja ya kazini, mimi naingiza uzito wa jiwe la kupimia na uzito uliosomwa na mizani, yenyewe inaniambia imekosea gramu ngapi na nianze kugusa wapi. Nilijifanya sikushangaa, lakini siku hiyohiyo niliwaonyesha wateja saba.

Alipomaliza shule akasema anataka kusoma sayansi ya kompyuta, hataki nyingine, na chuo ni kile kikubwa kilicho mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Siwezi kusema alikurupuka. Alichukua karatasi ya miraba akaibandika kwenye mlango wa jikoni, juu akaandika vyuo vitatu, chini yake masomo ya kila mwaka, wapi wanafundisha hesabu za kutosha, wapi mwanafunzi anaandika programu zake mwenyewe tangu mwaka wa kwanza, wapi maabara hufunguliwa hata Jumamosi, akampigia simu mpaka mhadhiri mmoja asiyemjua akamuuliza maswali nusu saa nzima, na mama yake ikawa kila akichemsha chai anasoma masomo ya chuo. Chuo cha hapa karibu, dakika ishirini kwa mguu, alikiweka chaguo la tatu, kwa sababu hakifundishi sayansi ya kompyuta, kinafundisha teknolojia ya habari. Mimi nikamwambia kompyuta ni kompyuta, utawasha utazima, cha kusafiria siku nzima ni nini? Akacheka. Akasema, "Baba, wewe na mpima ardhi wote mnapima, mbona hujawahi kwenda kupima viwanja?" Nikabaki na kinyongo, mshauri, nakiri.

Sasa aibu yangu iko hapa. Namba ya siri ya akaunti yake ya maombi alikuwa ameiandika kwenye daftari langu la kazini, kwa hiari yake, akisema vitu vyake hupotea lakini vya Baba havipotei. Siku mbili kabla maombi hayajafungwa nilikwenda kwenye duka la intaneti la mtaa wa pili, si lile anakokwenda yeye, nikamwambia dada mhudumu kwamba tumebadili mawazo, chaguo la tatu liwe la kwanza na la kwanza lishuke liwe la tatu. Akaniuliza, "Mwenyewe anajua?" Nikamwambia ndiye aliyenituma. Ilichukua dakika nne. Nikarudi najiambia nimemwokoa mtoto na upweke na vyumba vya kupanga na watu asiowajua, na shemeji yangu aliwahi kusema mtoto ukimpeleka mbali hukurudia mgeni, na mama yake angelia, na pia kuna hili la macho, maana mizani zenye mistari midogo siku hizi yeye ndiye anayenisomea, na daktari sina nafasi ya kwenda, basi nikaona heri abaki, kwa faida yake.

Ujumbe ukaja kwenye simu yake kwamba amechaguliwa chuo cha hapa, teknolojia ya habari. Na utaratibu ni kwamba ukipata chaguo la kwanza hayo mengine hawayaangalii kabisa, ila ujumbe hausemi umepata la ngapi, unataja chuo tu. Kwa hiyo anavyojua yeye, chuo kikubwa kimemkataa, cha pili kimemkataa, kaokotwa na cha tatu.

Nilitegemea atanuna siku mbili tatu kisha azoee. Hakununa. Aliitoa karatasi mlangoni akaikunja, laptopu akaiweka juu ya kabati, hata akaunti yenyewe hajaifungua tena, na kesho yake asubuhi akaja karakana, akavaa aproni yangu ya zamani, akasema, "Baba, nifundishe kazi yako. Nadhani akili yangu ilikuwa ya mitihani ya shule tu, huko kwa wenyewe haifiki." Alisema kwa upole, hana hasira na mtu. Sasa ni wiki ya tatu anafungua mizani na kuzifunga, tena mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na wateja wananipongeza eti nimepata mrithi. Kila wakinipongeza nainamia mizani nijifanye natafuta skrubu.

Juzi mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani, akasema alama za huyu mtoto zinapita zile zinazotakiwa na chuo kikubwa, yeye haelewi, anataka aandike barua kuuliza. Binti akamwambia asijisumbue. Mimi niliinuka nikaenda kufunga bomba la maji ambalo lilikuwa limefungwa.

Wamefungua nafasi ya waliochaguliwa kuomba kuhamishwa, mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nimwambie? Au nimhamishe kimyakimya kama nilivyombadilisha, apate ujumbe mwingine afurahi, yaishe? Au niache, maana mtu anaweza kufanikiwa popote? Nikimwambia naona nitampoteza moja kwa moja. Gazeti lako hunisomea yeye kila Jumamosi baada ya chai, kwa hiyo nikafikiri ukijibu kwa hekima zako huenda akaelewa mwenyewe akiwa anasoma, ikawa rahisi kwetu sote. Namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Fundi Mizani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Barua yako ina kurasa ishirini na mbili, kila ukurasa mistari sita, nami nimeisoma mara mbili. Haki yako nakupa kwanza: ungeweza kuondoka duniani na siri hii na huenda hakuna ambaye angejua. Umeiandika kwa mkono wako, huku macho yanakusumbua, na kuna pahali umejieleza bila kujipamba. Hilo nimeliona na nakuheshimu kwalo. Pole zangu zinaishia hapo.

Ulitaka mtoto asome kosa lako kwa sauti yake mwenyewe, wewe umeshika kikombe cha chai unamtazama. Hapana, bwana. Ndiyo maana Jumatatu nilikupigia simu, nikakusomea ushauri wote unaofuata hapa, nikakwambia una siku tano za kuzungumza naye kabla gazeti halijatoka. Nikakuuliza kama nichapishe. Ukasema sawa, kisha ukarudia, sawa. Basi nachapisha, maana najua kuna wazazi wengine leo hii wana namba za siri za watoto wao kwenye madaftari. Kama tayari umemwambia, Mungu akubariki. Kama hujamwambia, na ni yeye anayesoma mstari huu, mwombe aweke gazeti chini, umalizie wewe kwa mdomo wako.

Sasa tuje kwenye sababu zako. Upweke wa mtoto, vyumba vya kupanga, maneno ya shemeji, machozi ya mama. Halafu katikati hapo, haraka haraka, ukapitisha jambo la macho kama mtu anayepitisha kuku chini ya koti. Nimemwona kuku, Fundi. Hukuogopa mtoto atakuwa mpweke, umeogopa siku mteja atakapogundua kwamba fundi haoni mistari. Kuogopa hakuna ubaya, mimi mwenyewe kwa umri huu naogopa ngazi. Ubaya ni kumfunga mtoto kwa hofu ambayo hata hujamwambia kuwa unayo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Unaingia hospitali kutengeneza mizani, unapita mlangoni pa chumba cha macho na bisibisi mkononi, unatoka, unasema huna nafasi ya kuonana na daktari! Jumatatu ijayo, kabla hujafungua mizani ya mtu, kapime macho.

Kuhusu hilo la kompyuta ni kompyuta, binti alishakujibu vizuri kuliko nitakavyoweza mimi, ila kwa vile hukumsikiliza nitarudia. Anayesoma teknolojia ya habari anajifunza zaidi kuifanya mitambo ya ofisi, ya hospitali, ya benki ifanye kazi, iunganishwe, ilindwe, isizime watu wakiwa kwenye foleni. Anayesoma sayansi ya kompyuta anakwenda zaidi kwenye hesabu na mantiki iliyo ndani yake, aunde kile ambacho bado hakipo. Wewe mizani ikipinda unainyoosha, na kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiri mizani yenyewe iweje. Kazi zote mbili ni za heshima, na zipo njia za kutoka hii kwenda ile. Chuo cha karibu nacho si jalala, angekichagua mwenyewe baada ya kukipima ningempigia makofi. Mtu hachagui chuo kwa ukubwa wa geti wala kwa umbali wa mama, anachagua kwa kile kitakachofundishwa darasani na nani atakifundisha. Mwanao alifanya hivyo kwenye mlango wa jikoni, akiwa peke yake, na watu wazima wengi hawajawahi kufanya.

Lakini chuo si jambo kubwa kuliko yote katika barua yako. Chuo huhamwa. Kubwa ni kwamba umemwacha wiki tatu akiamini hana akili, na unamwona anavyoamini, na unamfundisha kushika bisibisi. Imani ya namna hiyo ikikaa ndani ya mtu miaka miwili, hata umpeleke chuo gani atakaa kiti cha nyuma na hatanyoosha mkono. Ndiyo maana kumhamisha kimyakimya sikubali hata kidogo. Ni kosa lilelile limevaa shati safi, na tena yeye atafurahi kwa kitu cha uongo na kukushukuru, nawe utaipokea shukrani hiyo kwa uso gani?

Hayo ya kwamba mtu anaweza kufanikiwa popote ni kweli, lakini ni maneno ya kusema aliyezuiwa, si ya aliyezuia. Na mwalimu wa hesabu usimsahau. Njia ya mwongo ni fupi. Akiandika barua yake, chuo kitamjibu na orodha ya machaguo, na binti ataisikia habari yako kutoka kwenye karatasi ya ofisi. Hapo kweli utampoteza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite, mkae wawili, mlango umefungwa. Usianze na mapenzi yako kwake, usianze na shemeji. Anza na hili: "Hukukataliwa. Mimi ndiye niliyebadilisha." Kisha funga mdomo. Akilia mwache alie, akitoka nje mwache atoke, akienda kulala kwa shangazi yake siku mbili usimfuate. Akikuuliza kwa nini, mwambie habari ya macho, yote, hata sehemu inayokutia aibu. Mke wako naye umwambie siku hiyohiyo, asisikie kwa jirani. Daftari mpe mtoto, abadilishe namba yake ya siri mbele yako.

Halafu andika barua kwa ofisi ya udahili ya chuo kikubwa, kwa mwandiko wako huohuo mkubwa, useme ulifanya nini, tarehe gani, duka gani, uweke sahihi. Mwalimu wa hesabu atawasaidia, na yeye mwombe radhi. Inawezekana nafasi zimejaa. Ikiwa hivyo, kuna kuanza hapa na kuomba kuhama mwaka wa pili kama masomo yanaoana, au kusubiri mwaka mmoja na kuomba upya. Atakayeamua ni yeye, na siku akiamua usikohoe. Anaweza hata kusema atabaki. Usifurahi mapema, maana huenda akabaki kwa ajili ya macho yako, na hapo itabidi wewe ndiye umsukume aende.

Na msamaha usimdai. Huenda akakusamehe jioni hiyohiyo, huenda mwaka ujao, huenda akiwa na watoto wake mwenyewe. Kukusamehe hakuna tarehe ya mwisho. Kuomba kuhamishwa kunayo, ni Ijumaa ijayo saa kumi jioni, Fundi, kwa hiyo anza na hilo.