Kioo cha Ndani

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Wanafunzi watatu, barabara ya Msalato. Somo la kutaja: dereva anatamka kila anachokiona, na kinachoweza kufuata. Mpira barabarani, mtoto yuko nyuma yake. Mbuzi mmoja kavuka, subiri wenzake. Vijana wanaona haya, wananong'ona tu. Binti yangu Tabitha anataja kwa sauti hata kuku. Miaka kumi na minane, na macho yake ni makali kuliko yangu. Sikumwambia, angevimba kichwa.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimegombana na Tabitha. Kakigeuza kioo cha ndani kimwelekee yeye. Nimekirudisha kwangu. Kwenye gari la kufundishia, kioo hicho ni cha mwalimu, ndivyo ninavyofanya tangu nipunguzwe kazi serikalini nikaanzisha shule hii. "Wewe tazama mbele. Nyuma niachie mimi," nilimwambia. Kanuna mpaka nyumbani, mtaa wa Kikuyu.

Jumatatu, 22 Agosti
Kafaulu! Trafiki hakumkuta na kosa hata moja. Leseni kailaza chini ya mto. Dada yangu atampa pikapu awe anabeba zabibu kuleta sokoni. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 1 Septemba
Tabitha hayupo tena. Lori. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 3 Septemba
Tumemzika. Watu walijaa, sikumwona hata mmoja.

Jumapili, 4 Septemba
Mchungaji wa ng'ombe kaja msibani, mzee, kwa miguu kutoka Msalato. "Pole sana, mwalimu. Binti yako aliisubiri mifugo yangu mpaka wa mwisho." Ndama alikatiza, Tabitha akafunga breki papo hapo, akasubiri wengine. Kama nilivyomfundisha. Lori lilikuwa nyuma yake, mwendo wa kasi, likampanda.

Trafiki anasema kosa ni la dereva wa lori. Ni kweli. Lakini pikapu ilikuwa na kioo kinachomtazama dereva, na yeye hakuzoea kukiangalia. Nilimwambia nyuma aniachie mimi. Sikuwepo.

Jumatatu, 19 Septemba
Nimerudi kazini. Mwanafunzi mpya, binti, mguu unafika breki kwa taabu. Kabla hajawasha gari nimemgeuzia kioo. Nimemwambia ataje na vya nyuma. Akataja: baiskeli, mama mwenye ndoo, basi la Kondoa.

Akauliza mimi nitaonaje. Nikasema nitageuka.

Jioni hii shingo inaniuma.